Lori Lililoombewa Likiwa Moto

Wamama wa upande wa samaki, mnaniuliza kila siku pale sokoni: Mama Regina, tukichanga pesa tununue gari gani? Jeep au lori? Lililotoka Dar au lililopitia Zambia? Nikiwajibu kwa mkato mnanuna, mnasema nimekuwa na roho mbaya tangu nirudi kutoka Pweto. Haya basi. Leo nawaandikia jibu lote, tangu siku niliyotoka Lubumbashi mpaka siku niliyorudi na zile siku chache za baadaye. Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Nilitoka kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa Pweto, nyumbani kwa mdogo wake Anastazia, karibu na pale mto unapotoka ziwani. Mguu na mkono wa kuume vilikuwa vimekufa baada ya kiharusi, na Mama Anastazia ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani. Sisi ni wajukuu wa reli, babu yetu alizeeka akipiga nyundo kwenye vyuma vyake. Lakini mwaka ule treni ilikuwa imekufa, kampuni ya madini nayo inakata roho, na mume wangu alikuwa anaamka kila asubuhi kwenda kazini kwa mazoea tu, kwani mshahara ulikuwa umesahau njia ya nyumba yetu. Na vita vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini, kijiji kwa kijiji.

Siku moja dereva wa samaki aliniletea ujumbe wa mdomo. “Mama Anastazia anasema mukuje mbio,” aliniambia. “Bantu banaanza kukimbia, na mama yako hawezi kutembea.” Nikazunguka mji mzima kutafuta lori la kukodi. Wenye malori walinicheka. Aliyekubali kwenda Pweto alitaka bei ambayo ningeuza nyumba na watoto ndani yake. Ndipo nikauza kiwanja chetu cha Annexe, tulichokuwa tunalima mihogo, nikasema: nitanunua langu. Litawatoa wazee wangu wawili, kisha litanibebea samaki na kutulisha.

Kampemba, barabara ya wauza magari. Nilikwenda na mdogo wangu Donati. Donati aliendesha magari makubwa ya kampuni miaka mingi, hata mkimfumba macho anaweza kuwaambia gari liko gia ya ngapi. Shida yake ilikuwa moja: alikuwa ameokoka majuzi, na mtu aliyeokoka majuzi anaogopa kumuudhi ndugu wa kanisani kuliko anavyoogopa njaa. “Yaya, niko na ndugu mu Bwana,” aliniambia, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, “anauzishaka bakamyo. Huyu hawezi kutudanganya.” Huyo ndugu aliitwa Papa Eliya. Alikuwa mnene, mpole, suruali imepigwa pasi, na aliongoza kikundi cha sala cha wafanyabiashara kwenye banda lililokuwa ukuta mmoja na uwanja wake wa magari.

Mnajua barabara ile. Wale wafanyabiashara wa Kivu, wauzao kwa jumla vitenge na misumari, huomba pamoja kila asubuhi kabla ya kufungua milango, kisha wanafanya kazi kama siafu. Sala yao ni sala, na bei yao ni bei. Siwezi kuwasemea vibaya. Papa Eliya hakuwa wa kwao, ila aliuona utaratibu huo ukiwapa watu imani, akauiga. Akauongezea kitu chake, ambacho nitawaeleza.

Kwanza alituonyesha jeep. Loo, ilikuwa inang’aa! Donati akaizunguka akitabasamu kama bwana harusi. Mimi nikalala chini, kitenge changu kwenye vumbi, nikatazama tumboni. Rangi mpya nyeusi, na chini ya rangi mistari ya kuchomelea kwenye chesi, sehemu ile ambayo uzito wote unakaa. Gari lililovunjika mgongo, likapakwa poda. Wamama, jeep inapita matope vizuri, sikatai, lakini inabeba magunia machache, inakunywa mafuta kama harusi, na mwenye pesa ndogo akiona jeep nzuri kwa bei ndogo ajue kuna maiti mahali fulani. Nikainuka nikajipangusa. “Hii hapana,” nikasema. “Nionyeshe kamyo.”

Lori lilikuwa nyuma, la zamani, lenye pua ndefu mbele iliyofunikwa na kapo, lile bati la juu ya injini, na usukani kulia kama mengi yaliyokuja kupitia Dar. Nalo nilililalia chini. Chesi ilikuwa nzima. Majani ya springi yalikuwa kamili, hata moja halikupasuka. Matairi ya nyuma mazuri, ya mbele ya kuombea siku. Nikatoa kijiti cha mafuta ya moteri, maana ndivyo tunavyoita injini huku kwetu, nikayasugua kidoleni: meusi, lakini hayana mchanga wala rangi ya maziwa. Hati zilikuwa na namba ile ile iliyopigwa kwenye chuma. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Tulipofika, moteri ilikuwa tayari inanguruma.

“Papa Eliya,” nikamwambia, “zima. Nataka ipoe, halafu niiwashe miye mwenyewe.”

“Mama Regina,” akajibu, mkono kifuani, “tuombe kwanza. Mi siuzishake kintu chenye hakijabarikiwa.”

Mkristo gani atasema hapana? Wakaja wale wa kikundi chake, wakalizunguka lori, wakaweka mikono juu ya mabati, macho wakafumba. Na moteri inanguruma. Wakaomba kwa ajili ya matairi, kwa ajili ya breki, kwa ajili ya madaraja yote mpaka Pweto. Mimi ni Mkatoliki, Baba Yetu ikizidi sana ni Salamu Maria tatu. Hawa walikwenda mpaka jasho likanishuka mgongoni. Waliposema amina, Papa Eliya alizima lori, akahesabu pumzi mbili, akaliwasha tena. Likaitika pale pale.

“Unaona?” akasema. “Inawaka mara moya!”

Bila shaka litawaka! Moteri ya dizeli iliyochoka ni kama mzee mwenye baridi yabisi. Asubuhi haamki. Ukishamkanda na maji ya moto, mchana kutwa anatembea kama kijana na hutajua anaumwa nini. Nilijua hilo, na Donati alilijua zaidi yangu. Nikasema tutarudi kesho yake. Tukarudi kesho yake, na lori lilikuwa linanguruma, na tukaomba. Tukarudi mara ya tatu kabla jua halijachomoza vizuri, na moteri ikawa ya moto ile ile. Nilikuja kuelewa baadaye: kila tulipopanga kwenda, Donati alikuwa anatangulia kumjulisha, kwa heshima, ili tusimkute mtumishi wa Mungu hajajiandaa.

“Hatutoe pesa,” nikamwambia Donati njiani. “Tukuje bila kumuambia, tushike kapo ikiwa baridi.”

“Yaya, unataka kumupima mutumishi wa Mungu kama mwizi?” Alikuwa karibu kulia. “Utanipatisha haya mbele ya bandugu. Juu ya nini unakuwa hivi?”

Jioni hiyo lori la mkaa lilileta familia kutoka upande wa Pweto, wamekaa juu ya magunia na magodoro yao. Nikawauliza. Wakasema mizinga inasikika ukilala chini. Basi nikatoa pesa.

Asubuhi ya kuondoka, lori lilikuwa limelala mbele ya nyumba yangu. Donati akageuza ufunguo. Likakohoa, likatoa moshi mweupe mpaka jirani akafunga madirisha, likanyamaza. Akarudia. Likanyamaza kabisa. Mawee! Moyo uliniwaka. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwa Papa Eliya, kitambaa cha kichwa mkononi, nikamwambia mbele ya wateja wake: “Ulituuzishia maiti. Nirudishie pesa yangu.”

Hata hakukunja uso. “Mama, ile ni adui anapiganisha safari yenu,” alisema. “Na kintu chenye kilishaka kuombewa, hakirudishwake.”

Nilimtukana. Sitaandika matusi yale hapa, watoto wenu wanasoma. Kisha nikarudi, kwa sababu mama yangu hakuwa anangoja haki yangu, alikuwa anangoja gari. Majirani wakatusukuma mpaka mteremko wa kanisa, lori likashuka, Donati akaachia klachi, likawaka kwa mshtuko. Kutoka hapo lilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, kwamba lilikwenda vizuri.

Njia ya Kasenga. Mpaka Kasomeno tulipishana na watu wachache tu. Donati aliendesha bila kusema neno, nami nilisema maneno ya watu wawili. Nilimwambia kwamba Mungu alitupa macho ili tuyafumbe usiku tu. Nilimwambia babu yetu angefumba macho kwenye reli tungekuwa hatujazaliwa. Yeye anaitika tu, “Ndiyo, Yaya. Ndiyo, Yaya,” mpaka nikachoka. Tulijifunza sheria moja ya lori letu: usilizime ila kwenye mlima. Tukitaka kulala, tunatafuta mteremko. Tukitaka kula, mteremko. Donati alikuwa anaitazama nchi nzima kama anayetafuta kitanda, wapi kumelala, wapi kumeinuka.

Kwenye baryera ya kwanza, yaani kizuizi cha barabarani, askari walitaka tuzime moteri wakague. Donati akasema haiwezekani. Wakadhani tunaficha kitu, wakapanda, wakapekua, wakachukua sigara na nusu ya chumvi. Mmoja akanicheka: “Mama, na weye unaenda kule bantu banatoka?” Nikamwambia kule kuna mama yangu, kama yeye hana wa kwake aseme. Akafungua kamba tukapita.

Kilwa. Kilwa ya kwetu ya kando ya ziwa, si ile ya pwani. Hapo ndipo tulipowaona watu kwa kweli. Walikuja wakitembea pembeni mwa barabara, baiskeli zimebeba sufuria, mbuzi, bibi kizee amefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge. Wote walikuwa wanakwenda tulikotoka. Wanatupungia mikono turudi. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya lori akapiga kapo kwa kiganja. “Munaenda wapi? Mugeuze!” Donati alinitazama. Nikasema, endesha.

Pweto, alasiri. Nyumba ya Mama Anastazia ilikuwa mahali tambarare karibu na ziwa, mchanga mtupu, hata mpira hauwezi kubingirika. Donati alitaka tuliache lori juu, kwenye mteremko wa barabara, sisi tushuke kwa miguu. Na angeliacha. Lakini Mama Anastazia alikuwa ameshatuona. Alikuja mbio huku akipiga vigelegele, mwembamba, miguu mitupu, na mkononi ana kibakuli cha pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Kwetu sisi, mtoto akinunua chombo, hakiingii kazini kabla hakijafika mlangoni kwa mzazi na kupakwa pemba. Kuacha gari barabarani na kuingia kwa miguu ni kusema: mali hii si yenu.

“Mulete apa,” alisema. “Kwa mulango. Dada yangu aone mutoto wake alinunua kamyo.”

“Mama mudogo, haiwakake kama iko baridi,” Donati akamweleza. “Inataka mulima.”

“Bantu ba kusukuma habakose. Lete.”

Mama yangu alikuwa amelazwa mkekani mlangoni, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tungefanyaje? Lori likashuka mpaka mlangoni. Mama Anastazia akachovya kiganja chote ndani ya pemba, akakibandika juu ya kapo, akakitoa upesi. “Yo! Hii kintu iko moto!” akasema, akipuliza vidole. “Iko na homa?” Sisi wote tukacheka. Alama ya mkono wake ikabaki pale, nyeupe, vidole vitano vimetanuka, ikakauka kwa joto la moteri. Kisha akasema maneno ya wazee kwa Kiluba, machache, akanyunyiza maji. Hayakuchukua hata muda wa kumeza mate. Nikawaza wale wa Kampemba na sala yao ya jasho.

Tulipanga kuondoka asubuhi. Jioni hiyo alituchomea samaki, akamkata mama yangu nywele, akanionyesha mifuko miwili aliyofunga: mmoja wa dada yake, mmoja wake.

Asubuhi mizinga haikuhitaji tena mtu alale chini ndipo aisikie. Majirani wa Mama Anastazia walikuwa wameshapanda nyuma ya lori, wamejipakia na magunia. Donati alipogeuza ufunguo, lori likakohoa moshi mweupe likanyamaza, kama nyumbani. Na wakati ule ule askari wakaja. Walikuwa wanakimbia mbele ya vita, wanatafuta magari ya kupanda wao. Tulikuwa tumeyaona malori mawili ya jirani yakichukuliwa, wenyewe wakitupwa chini na mizigo yao. Mkubwa wao akaweka bunduki dirishani. “Shukeni wote,” akasema kwa Kilingala chake. “Na weye, washa.”

Donati akawasha. Likakohoa. Akawasha tena. Mkubwa akamsukuma, akapanda mwenyewe, akazungusha ufunguo mpaka batri ikaanza kulia kama paka. Akapiga usukani kwa ngumi. “Takataka!” akasema. Akatema mate kwenye mchanga, akaondoka na watu wake kuelekea barabara kuu, kutafuta lingine.

Najua mnachofikiri sasa. Hata Papa Eliya alifikiri hivyo hivyo. Ngojeni.

Walipoishia kwenye kona, tukamweka mama ndani, kati ya Donati na mimi, nikamshika kwa mikono miwili kwa sababu upande mmoja ulikuwa unaanguka. Batri ilibakiwa na pumzi ya mwisho, mteremko haukuwapo, wala hapakuwa na njia nyingine ila kusukuma kwenye ule mchanga, na lori tupu. Watu wote walioshushwa wakasukuma. Mama Anastazia alitupa mfuko wa dada yake nyuma ya lori, akaenda akaweka bega pamoja na vijana. Nilimwita aje mbele. “Ngoja iwake!” akajibu. Likatembea kidogo, likakwama, likatembea. Donati akaachia klachi, likarukaruka, likawaka kwa kishindo kikubwa kilichosikika mji mzima.

Na askari wakakisikia. Nikawaona wanatokea kwenye kona wakikimbia, wanapunga mikono, wanapiga risasi juu. Donati alikanyaga mafuta. Vijana wakadandia nyuma, wakavutana, kina mama wenye nguvu wakadandia. Mimi nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Mama Anastazia alikimbia hatua chache. Alinyoosha mkono, kijana mmoja akanyoosha wake, haikufikiana.

“Simamisha!” nikapiga kelele. “Donati, simamisha, Mama mudogo amebaki!”

“Yaya, nikisimama inazima!”

“Simamisha, nakuambia!”

“Inazima, Yaya! Inazima, banatushusha wote!”

Alikuwa analia huku ameshika usukani. Katika kioo nilimwona amesimama katikati ya njia, mkono wenye pemba juu. Hakuwa anatuita. Alikuwa anatufukuza, vile mtu anavyofukuza kuku waingie ndani kabla ya mvua: nendeni, nendeni. Kisha vumbi likamfunika.

Njia ya kurudi. Hatukuzima moteri mpaka mafuta yalipotulazimisha, na tulipozima ilikuwa juu ya mlima. Nikataka kurudi kwa miguu, watu wakanishika. Barabara nyuma yetu ilikuwa imejaa wanaokimbia, na waliotoka nyuma yetu walisema waliobaki wanavuka maji kwenda upande wa Zambia, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kushika magogo. Kuna aliyesema alimwona mwanamke mwembamba mwenye mikono myeupe. Mwingine akasema hakumwona mtu kama huyo.

Mama yangu aliuliza mara moja tu. “Anastazia iko wapi?” Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia amebaki, na namna alivyobaki. Tukaipita Kilwa. Kisha akasema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, “Yeye anaogopaka kulala peke yake. Tangu tulikuwa batoto.”

Tulipopumzika Kasomeno nikaufungua ule mfuko, nimbadilishe mama nguo. Ndani kulikuwa na magauni ya mama, rozari ya mama, dawa za mama, na kitana chake chenye meno mapana. Mfuko wa Anastazia mwenyewe ulikuwa umebaki mlangoni kwenye mchanga. Alikuwa ametanguliza wa dada yake.

Lubumbashi. Hatujakaa sawasawa, Papa Eliya akaja nyumbani na tabasamu. Habari zilikuwa zimemfikia, jinsi askari walivyoshindwa na lori. “Mama Regina!” akasema. “Muliona nguvu ya sala? Mungu aliifunga ile moteri ili baaskari basiikamate! Yumapili mukuje mutoe ushuhuda.” Donati akafungua mdomo. Nikamfinya mkono, nikasema tutakuja, na lori tutalileta Jumamosi lilale mbele ya banda lao la sala.

Jumapili, Kampemba. Nilifika mapema nikakuta wasichana wawili wa kikundi wana ndoo na sabuni, wametumwa waoshe lori kwa ajili ya ushuhuda. Mmoja ameshaweka tambara karibu na mkono wa pemba. “Papa Eliya anasema ile ni bintu bya uchawi,” aliniambia kwa adabu. Nikamwambia, mwanangu, ukiugusa mkono huo nitaumeza huo wako. Akaweka ndoo chini.

Ndani ya banda tuliimba. Nyuma ya ukuta nilisikia moteri nyingine inanguruma, na mstari wa mbele nilimwona mwanaume mgeni mwenye vumbi la safari, mkoba ameukumbatia tumboni. Nikaelewa: mnunuzi. Papa Eliya alisimulia Pweto vizuri kuliko mimi niliyekuwa Pweto. Kisha akaniita mbele. Nikasimama nikasema, “Ushuhuda wangu uko nje. Mukuje.”

Watu wakatoka, wakalizunguka lori. Nikamwambia Papa Eliya aweke mkono kwenye kapo. Akaweka, mbali na ile pemba.

“Iko namna gani?”

“Iko baridi, Mama.”

“Vizuri. Sasa washa. Usiombe kwanza. Washa tu.”

Alicheka, akatazama watu, akaona hakuna anayecheka. Akapanda. Donati akampa ufunguo mkononi. Batri tulikuwa tumeichaji, asije akapata kisingizio. Lori likakohoa. Moshi mweupe ukawapaka watu nguo zao za Jumapili. Akarudia, akarudia, jasho likamloa kola, mpaka batri ikalia kama paka. Mwisho akatoa kichwa dirishani. “Bandugu,” akasema, “mutusaidie kusukuma.”

Wanaume wanne wakasogea. Ndipo Donati wangu, yule mwenye haya, akaenda akasimama nyuma ya lori akatanua mikono. “Hapana,” akasema. “Mwenye alisukuma hii kamyo alibaki Pweto. Anaitwa Anastazia. Ile njo ushuhuda wetu. Hakuna mwenye atasukuma.”

Hakuna aliyesukuma. Papa Eliya alibaki amekaa mle ndani, mikono kwenye usukani, na kwa kuwa hakuna aliyesema amina hakujua ashuke vipi. Tukasikia tu ile moteri ya upande wa pili wa ukuta. Kisha yule mgeni mwenye mkoba akatupita, akaingia uwanjani, na ile moteri ikazimwa. Akarudi akipangusa mkono kwenye suruali, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. “Nitakuja asubui,” akamwambia Papa Eliya, kwa adabu kabisa. “Sitasema ni asubui gani.”

Pesa yangu sikurudishiwa, msiniulize. Niliuza chesi na matairi, moteri ikaenda kwa mfua sufuria. Mnunuzi alitaka lori zima na pua yake, nikakataa kuitoa kapo. Iko nyuma ya nyumba yangu, imeegemea ukuta chini ya bati, mvua isiifikie. Kila anayetoka ng’ambo ya ziwa namwuliza habari za mwanamke mwembamba. Mpaka leo sina jibu.

Sasa mnataka kujua mnunue gari gani. Nunueni lori, si jeep. Laleni chini mtazame chesi, sugueni mafuta kidoleni, linganisheni namba. Nendeni bila kumwambia mtu, hata ndugu yenu, hata padre. Kisha kabla ya bei, kabla ya sala, kila mmoja wenu aweke kiganja kwenye kapo. Kama hamjui kukiweka, pitieni kwangu niwaonyeshe ulipo ule mkono mweupe, muweke wenu juu yake.